Jina la Wifi Lilikatwa kwa Mdomo Wangu

Msinihurumie. Nilikosa mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, kwa mdomo wangu huu huu. Naandika bila jina kwa sababu aibu bado ni mbichi.

Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, nimeolewa Iramba, kijiji kimoja si mbali na Kinampanda. Dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, alipata kiharusi akiwa shambani anavuna alizeti. Upande wote wa kulia ukafa, mkono na mguu. Ni mjane, mtoto hana. Kaka yake akamleta kwetu, akamjengea chumba na jiko lake uani.

Jamani, wivu! Mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kunishikia ndoo, akaanza kumchotea dada yake maji. Akamfulia. Akamkata kucha! Jioni wanakaa wawili wanaongea Kinyiramba, mimi nakielewa nusu nusu, wakicheka nahisi wananicheka mimi. Nilipougua malaria aliniwekea vidonge mezani akaenda zake kuangalia mbuzi. Nikawa najiuliza, hivi na mimi mpaka nipooze ndiyo nipendwe? Mungu anisamehe, niliwaza hivyo kweli.

Basi ukaja mpango wa serikali wa kaya maskini. Wenye nguvu wangepangiwa kuchimba bwawa ndipo walipwe, lakini asiyeweza kazi kabisa angepewa ruzuku akiwa nyumbani kwake. Wifi akaandikwa. Alifurahi!

"Wifi, nitanunua dawa zangu za presha mwenyewe," akaniambia. "Na nauli ya kwenda mazoezini hospitali ya Kiomboi. Nitawapunguzia mzigo."

Mimi nikasikia kitu kimoja tu: hata serikali nayo inambembeleza!

Kwetu majina husomwa mkutanoni, na watu huulizwa kama kuna mwenye pingamizi. Siku ile mume wangu alikuwa amepeleka alizeti Singida mjini kukamua. Wifi mwenyewe hakuja, angefikaje? Lilipofika jina lake, mwenyekiti akauliza, "Huyu hawezi kazi, tunakubaliana?"

Nikasimama. Mpaka leo sijui nilisimamaje.

"Shikamooni wazee. Mimi naishi naye. Yule mtu anasuka nywele."

Watu wakaguna. Nikamvuta binti yangu wa miaka saba, nikamgeuza kisogo mbele yao. "Kitazameni hiki kichwa. Kasuka yeye, wiki hii hii. Mtu aliyepooza anasuka hivi?"

Nywele zilikuwa za twende kilioni safi, mistari imenyooka mpaka kisogoni. Mtoto akaanza, "Mama, lakini shangazi..." Nikambana bega, akanyamaza. Bibi mmoja akasema, "Kama anayeishi naye ndiye anasema, sisi tubishe nini?" Mtendaji wa kijiji akalipiga mstari jina lake kwenye karatasi. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika mpaka wali. Wali, jamani!

Mume wangu alirudi kesho yake. Habari zilimpokea stendi kabla hajafika kwangu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Mama Neema, ulimwona anasuka kwa mkono gani?"

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Mkono wa kushoto unavuta nywele, fungu la pili limeshikwa kwa meno, mate yanamchuruzika kidevuni, mtoto kalala mapajani pake. Kichwa kile kimoja kilimchukua siku tatu. Na alikisuka kwa sababu nilikuwa nimelalamika, tena kwa sauti, kwamba ananikalia bure!

Asubuhi nilikwenda kwa mtendaji kufuta maneno yangu. Akanijibu taratibu, "Mama, majina yameshaenda wilayani. Subirini uhakiki mwingine." Lini? Hata yeye hajui. Mkutano uliofuata nikasimama tena, nikasema nilimharibia wifi yangu kwa wivu. Watu walicheka, wengine wakatazama chini. Jina halikurudi.

Sasa dawa za presha anameza siku zikipatikana. Mazoezini haendi, na mguu umezidi kukakamaa. Mume wangu siku hizi ananichotea na mimi maji. Analeta ndoo, anaitua mlangoni, anakwenda zake. Nilikuwa naitamani ndoo ile!

Nilimpigia wifi magoti. Akasema, "Nimekusamehe, wifi," na ninaamini alinisamehe. Lakini tangu hapo, nikitokea uani tu, anaacha anachofanya. Kama anamenya karanga, anaziweka chini. Kama ameshika kikombe, anakitua, anaukunja ule mkono mzima juu ya ule uliokufa, anatulia mpaka nipite. Juzi binti yangu alimpelekea kitana. Akamrudishia.

"Sisuki tena, mwanangu. Wakija kuhakiki, mama yako ataulizwa."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliingia ndani nikalia, na kulia kwenyewe hakukunisaidia chochote.

Dada zangu, kaka zangu, wewe unayeishi na mtu asiyejiweza, wivu ukikushika kaa nao kimya, lia nao jikoni, gombana na mumeo ukitaka. Lakini siku ukiulizwa habari za mgonjwa wako mbele za watu, chunga sana kabla hujafungua kinywa. Kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri mimi nimsemee wifi yangu. Mimi nikamsema.