Mzigo Niliompa Majini

Kwetu Likoni mgeni haachwi mlangoni. Unamchukulia mzigo wake, unamsindikiza mkipiga porojo mpaka majini, feri ikifika unampa mzigo, mnaagana. Na kama mnapendana sana, yeye naye hukurudisha. Anageuka nawe hatua kadhaa, kisha wewe unageuka naye tena, na watu wazima wanakwenda na kurudi barabarani kama waliopotewa na akili. Nimeona wageni wakikosa feri kwa mapenzi ya namna hiyo.

Siku aliyoondoka mchumba wangu nilikuwa na mzigo kichwani. Wote waliotuona walidhani ni wake. Ulikuwa wangu.

Vita vilipokwisha alirudi kutoka Burma na buti za jeshi na maneno mapya. Kule alikaa handaki moja na Mhindi na mtu wa Pwani ya Dhahabu, wakatambua kwamba wote watatu walikuwa wakipigania uhuru wa watu wengine. Sasa wale wenzake walikuwa Uingereza, wakiwakusanya watu wa makoloni yote wadai haki kwa sauti moja. Wakamwita. Alipata kazi ya kutia makaa melini, na mimi akanitafutia nafasi katika meli hiyohiyo, niwe yaya wa familia ya Kizungu iliyokuwa ikirudi kwao.

Nilimcheka. "Yaani haki ya dunia nzima naianza kwa kupangusa kamasi za mtoto wa bwana mkubwa?"

"Ndio mlango uliopatikana, bibi. Tuingie."

Baba alikwisha kukubali posa, na ndoa tungeifunga hukohuko. Nilitaka kwenda, nisimdanganye mtu. Nilitaka kuuona ule ukumbi aliokuwa akinisimulia, watu wa rangi zote wameketi pamoja, yeye amesimama anasema, nami namtazama. Nilimpenda mtu yule hata nikawa naona haya kula mbele yake.

Lakini nilikuwa na kazi. Miaka ile watoto wachanga walikuwa wakifa sana kwa pepopunda. Mtoto anazaliwa mzima, siku chache anakakamaa, na watu wanasema ni nyuni, yule ndege mbaya wa watoto. Mimi nilifunzwa kidogo katika hospitali ya misheni, kwa hivyo nikawa nazunguka nyumba kwa nyumba na sufuria yangu, nikiwaomba wakunga wachemshe wembe kabla ya kukata kitovu. Walinifukuza. Msichana wa Kikristo, wazazi wake wamekuja juzi kutoka bara ya Rabai, hana mtoto hata mmoja, ndiye wa kuwafundisha wenyeji kuzalisha? Wengine waliniambia hivyo usoni. Niliwarudia tu. Mimi nikifukuzwa ndipo nazidi kuwa mkaidi, na taratibu wakaanza kunifungulia.

"Unaokoa mmoja mmoja," mchumba wangu aliniambia. "Hizi sheria zinazotunyima hospitali hazitungwi Likoni. Twende zinakotungwa."

"Na huku nyuma wembe atachemsha nani?"

"Atapatikana mtu."

Alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera. Mwisho nikamwambia nakuja. Nikafunga kanga zangu mbili na gauni jeupe alilonishonea mama. Wazazi hawakujua kwamba naondoka siku ile; sikuthubutu kuwaaga.

Tulitoka alasiri. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Akautazama mzigo wangu, akamtazama mchumba wangu aliyekuwa na sanduku lake mwenyewe begani, akarudi kwenye nazi yake. "Msindikize vizuri, mwanangu," akasema.

Njiani kila mlango ulikuwa na salamu. Wamsindikiza mwenzio? Haya, ukirudi upite. Tukafika kwa mkunga mmoja mkongwe, Mdigo, mkali kama pilipili, ambaye hakuwa amepata kunikaribisha hata ukumbini. Siku ile alisimama nje akitungoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkaza mwanangu ameanza uchungu, lakini bado wa mbali. Ukirudi, njoo na ile sufuria yako."

Nikamwambia nitapita. Ningemwambia nini? Msindikizaji hurudi, kila mtu anajua.

Majini tukakuta feri bado iko ng'ambo. Mchumba wangu akanishika mkono kwa mzaha. "Njoo nikurudishe kidogo." Tukapanda mteremko mpaka kwenye chanja za kukaushia mbata, tukacheka, tukageuka. Nikamsindikiza tena. Sijapata kucheka vile tangu siku hiyo.

Feri ikafika. Akaingia na sanduku lake, akanyoosha mkono. Nikautua mzigo kichwani, nikampa. Wallahi, nilidhani nampa anishikie nipande. Lakini tangu utotoni mikono yangu ilikuwa ikimpa mgeni mzigo pale pale, na ikishampa, miguu husimama. Ilisimama. Watu wakanipita, mnyororo ukafungwa, maji yakaonekana katikati yetu. Yeye alikuwa bado anatabasamu, ananingoja. Kisha akautazama ule mzigo mkononi mwake, akaelewa. Hakuniita. Hata leo natamani angeniita.

Meli ilipiga honi kesho yake asubuhi. Nilikuwa jikoni kwa yule bibi, nachemsha wembe, machozi yananitoka, naye akadhani ni moshi. Mtoto hakukakamaa. Sasa ni fundi wa magari, mwenye kitambi.

Habari za mchumba wangu nilizipata kwa mabaharia. Anahutubia, anasikilizwa, amefungwa, ametoka. Nchi moja moja zikapandisha bendera zao, na yetu ikapandisha. Nikasema sasa atarudi. Hakurudi. Likoni tukapata zahanati, na wembe wa kuchemsha ukawa kazi ya watu wengine, na mimi nikabaki na alasiri zangu. Sikuolewa. Najiuliza kama aliwahi kulifungua fundo la ule mzigo, na kama kule kwenye baridi kuna mwanamke aliyejifunga kanga zangu.

Mgeni akinitembelea bado namsindikiza. Nampa mzigo wake, feri inaondoka, nami nabaki nimesimama. Watoto wa ndugu zangu huniuliza nangoja nini, nawaambia napunga upepo. Lakini siku ile mara ya mwisho mimi ndiye niliyemsindikiza, na bado hajanirudisha.