Kiti cha kushoto pale Kamembe: nilivyokuwa bingwa wa buto moja bila kujua

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma ule ubishi wenu wa kontroli rahisi, zile za buto moja, na kontroli za zamani kwenye magemu ya kupigana. Nilicheka. Mmoja ameandika kabisa kwamba anayetumia kontroli rahisi hana aibu.

Mkuu, hiyo aibu mimi nimeionja, tena mbele ya watu. Nasimulia kama ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Ni Kamembe, Rusizi, huku Rwanda, miaka ile vita vya Kongo bado vinawaka ng'ambo ya mto. Sisi ni Wanyarwanda tuliozaliwa Bukavu, upande wa Kongo, tukarudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nasema nyumbani, lakini shuleni nikifungua mdomo darasa zima linacheka. Kinyarwanda changu kilikuwa na Kiswahili na Kifaransa ndani yake mpaka mwalimu mwenyewe anauma midomo asicheke.

Nikaacha kuongea. Miezi mizima nilikuwa naitikia kwa kichwa tu.

Sehemu pekee ambayo haikuhitaji mdomo ilikuwa kwa Papa Salumu.

Huyu alikuwa fundi redio karibu na soko, mtu wa kununa asubuhi mpaka jioni. Kwenye kona ya karakana aliweka televisheni, mashine moja ya gemu na maneti mbili. Maneti ndiyo pedi, kwetu tunasema hivyo. Sheria ya pale: anayeshinda habanduki kwenye kiti chake, anayeshindwa anampisha mwingine.

CD ilikuwa ya kunakili, menyu zote Kijapani. Hakuna aliyezigusa. Ni kubonyeza kuanza na kupigana, basi.

Kwa wasiojua haya magemu: mtu wako arushe moto, unazungusha kidole kutoka chini kwenda mbele, halafu unapiga buto ya ngumi, yote kwa mpigo mmoja. Ukichelewa kidogo anarusha ngumi hewani kama anafukuza nzi.

Mimi nilikuwa nabonyeza mbele na buto moja. Moto huo! Buto nyingine, teke la kuruka. Nikiwaona wenzangu wanavyohangaika na vidole nasema moyoni, hawa nao wana nini? Nilidhani wanajifanya mafundi tu.

Wakanibatiza Bidole, ndiyo vidole kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Walewale waliokuwa wananicheka darasani wakaanza kunisalimia njiani: "Bidole, amakuru?" Nilikuwa nalala na hilo jina, naamka nalo.

Kuna waliosema kile kiti cha kushoto kina bahati, kila anayekikalia anashinda. Nikawa nawajibu bahati iko kwenye mikono. Yaani jeuri niliyokuwa nayo, acheni tu.

Sasa akaja Dido.

Dido ni rafiki yangu wa Bukavu, milango ya nyumba zetu ilikuwa inatazamana. Tangu tuondoke sikuwa na habari zake. Kila tukisikia milio ng'ambo nilikuwa namfikiria yeye, simwambii mtu.

Jumamosi moja mchana nageuka, namwona amesimama mlangoni na shati lake jeupe la shule. Mzima! Familia yao ilikuwa imevuka, wamefikia kwa shangazi yake. Nilimrukia mpaka maneti ikaanguka chini.

"Mukivunja, njo mutanunua!" Papa Salumu akafoka. Hiyo "njo" ndiyo "ndiyo" ya Kivu.

Nikataka Dido aone mimi ni nani siku hizi. Nikapiga watu wanne mfululizo. Ila yeye hakuangalia skrini, alikuwa anaangalia mikono yangu. Mwisho akaninong'oneza:

"Ndugu, weye unafinyaka buto moja tu, na moto inatoka?"

"Sasa ulitaka ngapi?"

"Tubadilishe kiti kidogo."

Nikakataa. Nikasema kichwa kinauma, nikaondoka.

Jumatatu baada ya shule niliwahi kabla ya wengine, nikakaa kulia. Mbele na buto: ngumi ya hewani. Tena: ngumi ya hewani. Nikajaribu mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Nikahamia kushoto, jaribio la kwanza tu, moto.

Wakuu, nikaiweka maneti chini. Mwaka mzima mashine ndiyo ilikuwa inanichezea.

Nieleweni hapa. Sikuogopa kushindwa gemu. Niliogopa kurudi kuwa yule wa Kongo wa kuchekwa, asiye na jina. Na Dido alikuwa ameshajua.

Wiki nzima nikamkwepa. Mtu niliyekuwa nasali awe hai, namkwepa njiani kwa sababu ya gemu! Mpaka leo nikikumbuka najiona mjinga.

Jumamosi nikaenda, pamejaa. Dido yupo, na nilivyoona watu wanavyonishangilia nikajua hajasema neno kwa yeyote. Akasogea tu, akanipisha nikae kushoto.

Hapo nikashindwa kukaa. Nikabaki nimesimama, nikasema kwa sauti, kwa Kinyarwanda changu kilekile, kwamba hiki kiti kinarusha moto chenyewe. Mimi sijui kucheza. Nimewadanganya, na mwenyewe nilikuwa sijui.

Wote wakanigeukia.

Nikawa nasubiri kicheko. Kikaja kitu kingine, sauti kutoka kwenye meza ya redio.

"Njo mimi niliweka hivyo."

Papa Salumu hata kichwa hakuinua.

"Siku ya kwanza ulikuja hapa, ulipigwa mara tatu, ukatoka bila kuaga. Nikasema uyu mutoto akitoka vile, hatarudi. Nikatafuta mu menyu mpaka nikaipata hiyo ya buto moja, na uliporudi nikakukalisha kushoto. Nilitaka kuiondoa kisha ya juma moja." Akapuliza waya aliokuwa anachomelea. "Lakini ukaanza kuongea."

Na ni kweli, wakuu. Kubishana kuhusu raundi, kutukanana, kudai zamu, vyote vile vilikuwa kwa Kinyarwanda. Sikuwa nimegundua hata kidogo!

"Basi leo kaa kulia, Bidole!" mmoja akapiga kelele, na hapo ndipo kicheko kikalipuka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimepumua, yaani kama mtu aliyetua gunia la viazi baada ya kupanda mlima.

Dido alinipiga mara saba siku hiyo. Saba! Na hakuna aliyeacha kuniita Bidole. Halafu Dido akanifundisha: chini, mbele, ngumi, pole pole. Ilichukua wiki nyingi. Moto wangu wa kwanza wa kiti cha kulia nilipiga kelele mpaka Papa Salumu akanitoa nje.

Papa Salumu aliuliza kama aondoe ule urahisi. Tukakataa wote. Ikawa sheria mpya: mgeni anakaa kushoto.

Wa kwanza alikuwa msichana kutoka Bweyeye, huko vijijini, amekuja kusoma kwa shangazi yake. Alisimama mlangoni siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu nikainuka, nikampisha. Akarusha moto, akashtuka, akaniangalia.

"Kumbe ni rahisi hivi?"

"Ni rahisi," nikamwambia. "Kaa."

Somo langu ni hilo. Leo natumia kontroli za zamani na sibadilishi, raha yake naijua, vidole vinauma lakini roho inatulia. Ila kumtukana anayeanza kwa buto moja siwezi. Bila ile buto moja ningepigwa tena siku ya pili, na nisingerudi.

Haya, nishambulieni. Lakini kila anayekuja kubisha aanze na ukweli: siku yako ya kwanza, nani alikupisha kiti?