Msalaba Hauruki Mlango

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kuudhi, na ninasema hivyo nikimpenda. Aliletwa kutoka Kasai akiwa msichana, na mume aliyeajiriwa mgodini. Hadi anazeekea hapo Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi, aliona chumvi yangu imezidi, ufagio wangu mvivu, na bukari yangu, yaani ugali, chakula cha wagonjwa. Tuligombana tangu asubuhi mpaka vyombo vinaoshwa. Lakini nikiulizwa leo ni nani aliyenifundisha kuwa Mkristo, simtaji padri yeyote. Namtaja yeye.

Miaka ile ya Zaire, sisi Wakatoliki wa Kapata tulisali kwa mashirika. Kila safu ya nyumba za kampuni ilikuwa na shirika lake, familia kama kumi na mbili, zikikutana Jumatano, au Mercredi kama tulivyozoea kuiita, saa kumi wanaume wakishatoka kazini. Kila wiki tulisali nyumba nyingine, tukifuata mstari wa milango bila kuchagua. Nyumba yenye zamu ililetewa msalaba wa mbao siku mbili kabla, na baada ya sala msalaba ulisubiri humo hadi ulipopelekwa mlango unaofuata. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na viti vya kutosha watu wote, kila mmoja alikuja na chake. Ungeona barabara nzima inatembea na viti kichwani. Huwezi kwenda kusali kwa siri ukiwa umebeba kiti.

Kisha vita vikaja Kolwezi, vikaisha, wanajeshi wakabaki. Ilisemwa kwamba waliotuvamia kutoka upande wa Angola walikuwa Walunda, basi kila Mlunda wa mjini akawa mtu wa kutazamwa mara mbili. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mumewe walikuwa Walunda wa Musumba. Mumewe, fundi wa umeme, mpole, ambaye alinitengenezea pasi yangu mara mbili bila kutaka hata soda, alikamatwa asubuhi moja akienda kazini. Hakuna aliyeambiwa amepelekwa wapi. Mkewe alibaki na watoto watatu, na sisi wengine tukaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyeamini kwamba yule mama ana kosa. Tuliogopa tu. Na siku zile, mwanamke ambaye majirani zake wamemkana angeweza kufukuzwa nyumbani, au kuchukuliwa kama mumewe, na pasiwe na wa kuuliza.

Hapo ndipo zamu ya shirika ikafika mlangoni kwake.

Jumatatu ile, mke wa msimamizi wa karakana, aliyekuwa na msalaba wiki iliyopita, alipita nyumba ya jirani bila kugeuza shingo, akaja kwangu. Msalaba alikuwa ameufunga ndani ya kitenge.

"Mama, mubebe benyewe," akaninong'oneza. "Mercredi tutasali kwenu. Kule, unajua mwenyewe."

Nikaupokea. Sikusita hata kidogo, na moyoni nilishukuru kwamba mtu mwingine ameamua kwa niaba yangu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami nilikuwa na wa kukimbiza: mume, kazi yake, nyumba ya kampuni.

Mama mkwe alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Akanyanyua macho.

"Ile ni nini?"

"Ni musalaba, mama. Banasema tusali kwetu."

"Na zamu ya mama wa hapa pembeni?"

Akatikisa maji mikononi, akajifuta kwenye kitenge chake, akaja kuuchukua msalaba kwangu kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Musalaba hairuke mulango," akasema.

"Mama, batatubeba na siye!"

"Batubebe."

Aliufungua ule msalaba, nguo akanitupia, akatoka nao mkononi mchana kweupe. Kupitia ukuta nilisikia akisema, "Mama, ni zamu yako. Mercredi, saa kumi." Kisha nikamsikia jirani yangu analia, mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe. Nilimkasirikia mama mkwe mpaka nikaunguza sombe. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, nikitarajia amkemee mama yake. Alikula hiyo sombe iliyoungua bila neno, akanawa, akasema, "Mama eko na haki." Basi nikajua nina vichaa wawili nyumbani.

Jumatano, kwenda kwa jirani ilikuwa hatua kumi tu. Mama mkwe alijitwika kiti chake kichwani na kuizunguka barabara yote, akipiga hodi kila mlango: "Saa kumi imefika! Saa kumi imefika!" Alikuwa na miguu mibovu, na mwanzo wa wiki alikuwa amenilalamikia kwamba hawezi kufika hata bombani. Milango mingi haikufunguliwa. Tulifika watu wa nyumba tano. Mume wangu alikuja na nguo za kazi, akaketi mbele kabisa. Mimi niliingia mwisho, kigoda nimekibana kwapani kama kuku wa wizi.

Tulikuwa katikati ya somo mlango ulipotiwa kivuli. Alikuwa mkuu wa selili, tawi la Chama mtaani kwetu. Chama kilikuwa kimoja, kila mtu alizaliwa mwanachama, na mkuu wa selili ndiye aliyejua nani katembelewa na nani. Alivaa abakosti, lile koti la Kizaire lisilovaliwa tai, picha ya Rais kifuani, daftari mkononi.

"Nani alibaita bantu hapa?"

Mama mkwe hakuinuka.

"Hakuna mutu alituita, tata. Ni zamu yake. Juma ilipita ilikuwa kwa mama mwingine, juma inakuya itakuwa kwetu. Ukipenda, tutafika na kwako."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mkuu wa selili hakuingia na hakuondoka. Alisimama pale pale mlangoni, kalamu tayari, nasi tukamaliza somo kwa sauti za kukohoakohoa.

Yakaja maombi. Desturi ilikuwa mwenye nyumba aanze. Jirani yangu alisimama, mtoto wake mdogo ameshika sketi yake.

"Tulombee bwana yangu," akasema, na akalitaja jina lake, jina ambalo mtaani hakuna aliyethubutu kulitamka tangu siku ile. "Hatujue fasi eko. Tulombee na bale balimubeba."

Kila ombi hujibiwa na wote: Bwana, utusikie. Tulikuwa tumeyajibu hayo maneno tangu utotoni, hata usingizini tungeyajibu. Sasa yakatukwama. Kujibu ilikuwa kusema mbele ya Chama kwamba mtu huyo ni wetu.

"Bwana, utusikie," alijibu mama mkwe, peke yake.

Sauti yake nyembamba ya kizee ilibaki hewani bila mwenzake. Jirani yangu aliinamisha kichwa. Niliuona uso wake, na sijausahau.

Ndipo sauti ya pili ikasikika, nzito, kutoka mlangoni. "Bwana, utusikie."

Alikuwa mkuu wa selili. Katika ujana wake alikuwa amebeba chetezo kwa mapadri wa kizungu miaka mingi, na mdomo wake ulijibu kabla kichwa chake hakijauzuia. Alishtuka kuliko sisi. Akalitazama daftari lake, akalifunga. Baada yake chumba kizima kikajibu kwa nguvu, na mume wangu akilia waziwazi.

Sijui kama aliandika chochote baadaye, hakuna kilichotufikia. Fundi wetu wa umeme hakurudi. Mkewe aliishi nyumba ile ile mpaka watoto wake walipooa na kuolewa, na hapakuwa tena na Jumatatu ambayo mlango wake ulirukwa.

Habari za mama mkwe wangu huwa nazisimulia kwa fahari kila nipatapo wa kunisikiliza, naye anastahili. Sehemu moja tu huwa naimeza. Kati ya ile sauti ya kwanza na ile ya pili palikuwa na nafasi, na nafasi ile ilikuwa yangu. Mimi, jirani wa ukuta kwa ukuta, nilingoja mtu wa Chama ajibu kwanza.