Ndege Iliyofukuliwa na Mafuriko Kaskazini mwa Nariokotome

Picha ya kwanza ilifika nikiwa nimemwambia askari mmoja ainue kidevu kidogo na asitabasamu. Alikuwa amekuja kwenye studio yangu hapa Lodwar kupigwa picha za pasipoti. Simu ikalia, ikalia tena. Aliyekuwa akituma ni shemeji yangu, mtu ambaye hunitafuta gari likimharibikia tu, kwa hiyo nikamwomba askari radhi nikaangalia.

Shemeji ni dereva wa watu wa mifugo. Siku hizo walikuwa wakichanja mbuzi kaskazini mwa Nariokotome, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alishuka kwenye laga, ile mito yetu ya mchanga inayofurika leo na kukauka kesho, ili atafute mahali pa kuvukia. Maji yalikuwa yamemega ukingo, na ndani ya ukingo kulikuwa na mabati yamejikunja.

"Shem, hii ni nini?" aliandika.

Zilikuwa picha mbaya. Jua lilikuwa limemulika kamera, na katika moja kidole chake kilikuwa kimeziba nusu. Nikazihamishia kwenye kompyuta nikazikuza. Niliona vyuma vinene vimepangwa duara kama petali za ua, na mbele yake kitu kirefu, chembamba, kilichopinda ncha. Nikaizungusha picha mara mbili.

"Hii ni propela!" nikasema kwa sauti. "Hii ni ndege!"

Askari aliacha kiti chake akaja upande wangu wa meza. Muda si muda studio ilijaa. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni ndege ya vita ya Waitalia, waliokuwa wakivuka kutoka Ethiopia kuja kutupa mabomu huku. Mwenye duka la jirani aliuliza kama Waitalia walikuwa wakibeba dhahabu. Mama anayetuuzia chai alisema wacheni hizo, hiyo ni moja ya zile za kupeleka chakula Sudan, zilizokuwa zikipita juu ya nyumba zetu kutwa kucha. Kila mtu alinyoosha kidole kwenye kioo, na kila kidole kilionyesha kitu tofauti.

Mimi niliendelea kuzikuza zile picha, na hilo la kutojua likanitia wazimu. Kazi yangu ni kupiga picha watu wanaojijua: jina lake hili, kitambulisho chake hiki, geuka kidogo. Sijawahi kupewa picha ya kitu kisicho na jina. Nikamwandikia shemeji amwambie chifu wa huko, na anipigie nyingine, kutoka kila upande. Ujumbe ukabaki na tiki moja. Alikuwa ameshatoka kwenye mtandao.

Jumamosi nilikuwa na harusi Kakuma, ndani ya kambi, ya vijana wawili kutoka Sudan Kusini. Nilienda na kamera zangu, na kompyuta nikaibeba pia, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka mtu. Mjomba wa bwana harusi ni fundi wa jenereta na pikipiki, bwana mrefu anayefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu. Kabla ya vita kumleta hapa alikuwa fundi wa ndege Juba. Alikuwa ameniambia hivyo mara moja, nikiwa nampiga picha mlangoni pa karakana yake, na mimi sikumuuliza zaidi.

Ibada ilipoisha, kabla ya chakula, nikamvuta kando nikafungua kompyuta juu ya spika ya kwaya.

"Ya salaam!" alisema. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake mpya, akaivaa tena. "Dada, hii umetoa wapi?"

Nikamweleza.

"Watu wanasema ya nini?"

"Ya vita. Ya Waitalia."

Akatingisha kichwa taratibu, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Ona hapa. Bawa imekaa juu, juu ya kichwa ya rubani. Na hii chuma inashikilia bawa kutoka chini, kama mkono. Injini ni moja peke yake. Hesabu silinda, hizi chuma za duara."

Tulihesabu pamoja, yeye kwa kidole, mimi kwa midomo. Nyingine zilikuwa zimefunikwa na mchanga, lakini kwa jinsi zilivyoachana aliniambia lazima ziwe tisa.

"Hii ni ndege ya kazi," alisema. "Ya kutua mahali hakuna uwanja. Mimi nafikiria moja ya silinda tisa, inaitwa Biva. Nikiwa kijana mdogo kwa kazi, moja ilikuja kwetu, nikaifungua na mwalimu wangu." Akashusha sauti kana kwamba anataka kuniambia jambo la aibu. "Hiyo ndege, oili yake unamwaga ukiwa ndani. Ndani kabisa! Mdomo ya kumwaga iko hapo chini, karibu na miguu ya rubani. Anaweza kuongeza oili akiwa hewani. Sijaona ndege ingine kama hiyo."

"Kwa hiyo nikipata picha ya hapo chini..."

"Mdomo ikiwa hapo, ni Biva. Ikikosa, mimi sijui, na tuwaachie Waitalia yao."

Tulicheka mpaka bibi harusi akatuma mtu aje kuniita. Nilipiga picha za keki nikiwaza ule mdomo wa oili.

Shemeji aliporudi Lodwar kuchukua dawa nyingine za mbuzi, alinikuta nimeshafunga begi. Mke wake, ambaye ni dada yangu, alisema nimerukwa na akili. Nikamwambia ni kweli, na kwamba nitarudi. Tulipita Kalokol, tukafuata barabara ya kaskazini ziwa likiwa upande wa kulia, rangi yake ikibadilika kila tukipanda mwinuko. Shemeji alikuwa akiendesha huku akiniuliza maswali ya ndege kama mtoto: inajuaje njia, ikiishiwa mafuta inafanyaje. Tulikuwa na raha kama watu wanaoenda sikukuu.

Tulipofika kwenye ukingo raha ikapungua kidogo. Picha hazikuwa zimenionyesha ukubwa wake. Bawa moja lilikuwa limetoka lote nje, jeupe, limetobokatoboka, na sehemu ya rubani ilikuwa imejaa mchanga hadi kwenye dirisha. Chifu alikuwa ameturuhusu kuangalia na kupiga picha, bila kuondoa kitu. Nilichukua sahani ya bati nikaanza kuchota mchanga. Shemeji alinisaidia kwa muda, halafu akasimama.

"Shem," alisema, "na kama wamo?"

Sahani ikabaki hewani. Siku zote hizo nilikuwa nikifikiria silinda na mabawa. Sikuwa nimefikiria watu.

Hatukuwa peke yetu. Mama mmoja mzee, ambaye mbuzi wake walichanjwa wiki ile, alikuwa ameshuka kwenye laga kutuangalia. Nikamsalimu, "Ejok," naye akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kiturkana tunatafuta nini.

"Tunaogopa kuna watu humu, mama."

Akacheka. Meno yake machache yakaonekana yote. "Watu? Watu walitoka."

Akakaa kwenye ukingo, akatusimulia bila kuombwa mara ya pili. Alikuwa msichana wa kuchunga wana-mbuzi. Ulikuwa wakati wa nzige, wengi mpaka jua likawa la kahawia. Ndege ilikuwa ikiwafuata, ikiwamwagia dawa, na siku ile ikaingia katikati yao. Ilikohoa, alisema, na kioo chake kilikuwa kimepakwa nzige chote, kimekuwa uji. Ikashuka taratibu hapa hapa, kwenye mchanga wa laga, ikaanguka kwa tumbo. Wanaume wawili wakatoka, mmoja ameshika mkono wake uliovunjika. Baba yake aliwapa maziwa, akaufunga ule mkono kwa vijiti na ngozi, kisha akatembea nao hadi ziwani walikopata mashua. Mvua zilizofuata zikaifunika ndege, na watu wakahama na mifugo yao.

"Yule wa mkono alikuwa analia?" shemeji akauliza.

"Alikuwa anaimba," alisema mama. "Baba alisema aliimba njia nzima."

Baada ya hapo tulichimba sote watatu, mama akitumia kibuyu chake. Tukafikia vikanyagio vya rubani. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono chini ya sukani, nikapapasa. Vidole vyangu vikashika shingo ya bomba, fupi, nene, na juu yake kifuniko cha mviringo. Nilipiga kelele mbuzi wakatawanyika.

Nilipiga picha ya kile kifuniko kutoka kila pembe ambayo mwili wangu uliweza kuifikia kwa kujikunja. Kisha nikampiga mama akiwa ameegemea bawa, na yeye, tofauti na wateja wangu wote, hakungoja nimwambie akae vipi.

Mtandao ulishika tulipofika kwenye kilima, mbali kidogo. Shemeji akasimamisha gari katikati ya barabara. Nikatuma picha. Zikaenda moja moja, polepole, nami nikiisukuma simu juu kama itasaidia. Kabla ya ile ya mwisho kufika, fundi alikuwa amepiga.

"Ni yeye!" alikuwa akisema kwa sauti ya juu. "Dada, ni yeye, ni Biva! Mimi nilisema!"

"Ulisema! Na kuna mama aliiona ikianguka!"

Nikamsimulia yote: nzige, kioo, mkono uliofungwa kwa vijiti.

"Walitoka wote?" akauliza.

"Wote wawili. Mmoja akiimba."

Nikamsikia akigeuka, akiwaambia watu wa karakana kwa Kiarabu cha Juba, akiharakisha maneno. Kisha Kakuma yote, au ndivyo nilivyosikia mimi, ikapiga makofi.