Kitambulisho cha Buluu cha Bibi Moy

Baada ya uchaguzi ule tulioshindwa vibaya, tawi la chama chetu cha Wachina hapa Bidor, mji mdogo wa Malaysia, lilibaki na watu wawili: mwenyekiti, aliyekuwa mgonjwa, na ndugu yangu Lai Kum Foong, fundi cherehani, katibu tangu ujanani. Wengine walihamia kwa wapinzani wetu. Foong hakuhama. Kila Jumanne alifunga duka lake la nguo, akafungua ofisi ya chama juu ya duka la dawa, akawaandikia watu barua za Kimalei za kupeleka serikalini.

"Chama chenyewe kimebaki feni na viti, Foong," mume wangu alimtania.

"Basi shemeji, njoo ukalie kimoja."

Jumanne moja alipanda Yap Moy, bibi wa miaka sabini anayeuza tofu sokoni. Alishika kitambulisho chekundu, cha mkaaji asiye raia. Alizaliwa hapa hapa, katika shamba la mpira, bila cheti. Alishaomba uraia mara tatu, akakataliwa.

"Nataka nife raia, mwanangu."

"Hufi leo, bibi. Nani alimzalisha mama yako?"

"Mkunga wa Kimalei, Mak Som. Kafa zamani."

Foong alikuwa ameshona nguo za harusi za nusu ya kijiji cha Wamalei. Akapanda pikipiki, akauliza nyumba kwa nyumba, hadi akampata Zaiton, binti ya mkunga, mwenye miaka themanini.

"Namkumbuka!" Zaiton alisema. "Mimi ndiye niliyechota maji. Kalikuwa kadogo, kakilia kama paka."

Wiki hiyo hiyo Zaiton alikula kiapo mbele ya wakili. Foong akaambatanisha kiapo na barua, akatuma. Ulipita mwaka mzima. Moy akaitwa kuhojiwa, akajibu kwa Kimalei chake cha sokoni, na mwishowe akapewa kitambulisho cha buluu, cha raia. Alimkumbatia Zaiton, wakalia wote wawili, kisha Zaiton akamwambia, "Hata sasa unalia kama paka."

Uchaguzi uliofuata, Moy alipiga kura kwa mara ya kwanza. Alipotoka, kidole kikiwa cheusi kwa wino, Foong alikuwa akimsubiri nje na soda baridi.

"Usikasirike, mwanangu," Moy akasema. "Nimempa yule wa upande wa pili. Huwa ananunua tofu kwangu."

Foong alicheka mpaka akashika ukuta. Chama kikashindwa tena, naye Jumanne akafungua ofisi kama kawaida, akiwa na furaha ambayo hata mume wangu hakuthubutu kuitania.