Neno Nililolijua

Mwaka ule tulikula muhogo asubuhi na jioni, maana ndizi zetu za matoke zilikuwa zimekauka shambani. Niliukumbuka jana, nilipomkuta mjukuu wangu, ambaye hana mpinzani kwa akili, akijifunza Kitaliano kwenye simu huku akipiga makofi: par-la-no, yaani "wanasema", kofi la kwanza likiwa zito.

Mchana mmoja wa mwaka ule, shuleni kwetu Luzira, Sista wetu Mtaliano alifunga mlango wa darasa kwa ufunguo, tukabaki wawili na harufu ya chaki.

"Hutoki mpaka useme vizuri. Kaza mwanzo, mwanangu. PAR-la-no." Rula ikalia mezani.

Ulimi wangu ulizoea kukaza karibu na mwisho, lakini neno nililiweza. Shida ni dada yangu. Aliniambia anayelisema vizuri hupelekwa Ulaya na masista, harudi. Leo najua alinitania. Siku ile nilimsikia mama barabarani akinadi samaki, sauti yake ikizidi kwenda mbali.

"Sema, mwanangu."

"Sisemi. Mimi ni wa mama."

Akauonyesha ufunguo. "Sema mara moja tu, nikufungulie."

"Sisemi. Mimi ni wa mama."