Shamba la Sakarbai

Murtaza ni fundi baiskeli hodari, hilo sibishi. Lakini mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye duka lake la vipuri hapa Tabora mjini, akishafunga tu anakaa barazani na gemu za mkononi za enzi za utoto wake, anazifungua kwa bisibisi, kisha anaandika habari zake kwenye blogu! Tena anaanza kwa salamu, anauliza hali ya mvua huko waliko wasomaji, ndipo aeleze kioo kilichopasuka. Wasomaji wenyewe hawajai bajaji mbili. Mimi ni dobi, tumepanga nyumba moja, na nimemcheka miaka.

Mama yake, Sakarbai, alipougua, Murtaza alimpa gemu moja la kupotezea muda. Ni la shamba: unalima, unafuga. Bibi wa watu akanogewa. Amefariki mwaka umepita, na shamba lake bado limo kwenye kaseti ya gemu, linatunzwa na kibetri kilichokuwa kinaelekea kufa. Kikifa, shamba lote linafutika. Murtaza alitaka kulihamishia kwenye kompyuta yake ya mezani, nayo ikakataa mpaka aiapdeti kwanza. Msomaji wake mmoja, mwalimu wa huko Lusu, alimwonya: umeme ukikatika katikati ya kuapdeti, kompyuta yenyewe inaweza isiwake tena.

Jumamosi saa nane mchana akaja mlangoni kwangu. Nyaya za nyumba yetu ni za zamani. Nikichomeka pasi wakati wengine wanapika, swichi kuu inajizima. Aliniomba saa mbili tu bila pasi. Nami nina nguo za harusi, wenyewe wanazifuata saa kumi! Nikamwambia siharibu kazi yangu kwa ajili ya mahindi ya kwenye kioo. Hakubisha. Alisema asante, akaondoka, na hiyo asante ndiyo iliyoniudhi.

Niseme ukweli: mimi na Sakarbai tulinuniana mwezi wake wa mwisho, kisa kamba ya kuanikia nguo. Alizikwa sijamwomba radhi, na inaniuma mpaka leo. Basi nikaitoa uvunguni pasi ya mkaa ya marehemu mama yangu, nikaijaza makaa, nikanyoosha zile nguo uani huku moshi unaniliza na mdomo unamsema Murtaza na blogu yake.

Saa kumi kasoro robo akaniita. Kompyuta imewaka, na shamba limo. Mahindi, kisima, kibanda. Kuku mmoja mweupe anazunguka, na juu ya kichwa chake jina: MINZA.

Jina langu. Nikauliza huyu vipi. Murtaza akaona haya.

"Mama alimpa jina hilo mlipokuwa hamsemezani, dada. Asubuhi alikuwa hanywi chai mpaka amlishe. Anasema, ngoja kwanza nimwone Minza kama ameamka vizuri."

Nikakaa pale pale sakafuni, nguo za watu mkononi, nikalia. Kisha nikamwambia anionyeshe kitufe cha kumlishia.